Siku Kiguu Alipokaa Kitako

Kiguu alipovikwa kizibao cha uzito hakulalamika hata kidogo. Alicheka. Kizibao chenyewe kilikuwa cheusi, kina mifuko mbele na nyuma, na kila mfuko umetiwa kipande cha chuma. Alipopanda juu ya mashine ya kutembelea, na ule mkanda wake wa mpira ukaanza kuteleza chini ya viatu vyake, alijiona kama amebeba mtoto mgongoni na mwingine kifuani.

"Ongezeni mwendo basi!" akasema.

"Mwendo ni huo huo kwa kila mtu, mama," akajibu daktari wa magoti, mwanamke mfupi mwenye miwani ambaye utafiti wote ulikuwa wake.

"Basi mnanichelewesha."

Pembeni, kwenye kiti, pacha wake alikuwa akingoja zamu yake huku akishona upindo wa gauni la mteja. Hakuinua hata macho. "Cheka tu, dada. Kila hatua hapo unasaga goti. Siku moja tutakuja kukuzoa kwa beleshi."

Hawa walikuwa mapacha wa kufanana. Ungewasimamisha wote wawili nyuma ya dirisha, wakanyamaza, usingejua nani ni nani. Wakianza kutembea tu, mambo yanajitenga yenyewe. Aliyetangulia kuzaliwa alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kusimama, na jina la Kiguu likamganda hadi mama yao mwenyewe akaacha kumwita lile la kwenye cheti. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji: mtaa kwa mtaa, geti kwa geti, mfuko wa ngozi begani, na ndani ya mfuko spana, tochi, nyundo na vyuma vingine ambavyo hata yeye hakumbuki alivitia lini. Aliyefuata alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Kigoda. Sababu sina haja ya kuieleza.

Waliishi nyumba moja, cherehani sebuleni na viatu vya Kiguu mlangoni, na walibishana kuhusu kila kitu, lakini ubishi wao mkubwa ulikuwa wa magoti. Mama yao alimalizia miaka yake kitini, magoti yamevimba, na kila mmoja alitoka na somo lake. Kigoda aliamua kwamba goti ni kama kipande cha sabuni: unavyokitumia ndivyo kinavyokwisha, kwa hiyo mwenye akili hukitunza. Na lake alilitunza kweli. Akitaka uzi wa dukani humtuma mtu, na duka liko ng'ambo ya barabara. Kiguu yeye hakuamua lolote. Alitoka akaenda kutembea.

Sasa goti la kulia la Kiguu lilikuwa limeanza vituko. Asubuhi linalia kama mlango usiotiwa mafuta, jioni linajaa. Mkuu wa kituo cha maji alimwona akichechemea, akamwita ofisini, akamwambia kuna kiti cha kupokea malalamiko ya wateja. "Kiti kizuri, kinazunguka," akasema, kama anayemnadi ng'ombe. Akitaka, anakipata, jibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kabla ya adhuhuri. Asipotaka anapewa mwingine, na goti likija kumtupa baadaye asije akalia pale ofisini, maana hakutakuwa na kiti tena.

Kiguu alitoka pale bila kuahidi kitu. Yeye kazi aliipenda kwa miguu yake. Alipenda mbwa wanaomjua na wanaojifanya hawamjui, alipenda kusimama kwenye ukuta wa mtu na kusikia maji yanakimbia mahali ambapo hayatakiwi kukimbia. Kwake kiti kile kilikuwa kaburi lenye magurudumu. Lakini kama ni kweli kila hatua inamla goti, akilikataa kaburi hilo leo, kesho atajikuta hana goti wala kazi. Hapo ndipo palipomkosesha usingizi.

Ndiyo maana alipoona tangazo la hospitali, kwamba wanatafutwa wanawake wa makamo wapimwe jinsi uzito wa kutembea unavyogusa magoti, aliruka. Kigoda alikubali kwenda kwa sababu moja tu: alitaka ushindi wake uandikwe na daktari.

Daktari aliposikia ni mapacha nusura awakumbatie. Aliwaeleza taratibu, akitumia mfano wa mguu wa kuku. Ile nyama nyeupe inayoteleza mwisho wa mfupa, inayolia mtu akiitafuna, ndiyo gegedu, na ndani ya goti la binadamu ndiyo inayozuia mfupa kukwaruza mfupa. Mtu akitembea, gegedu linabanwa na kuachiwa, linabanwa na kuachiwa, na kuna protini fulani inayotoka humo na kuingia kwenye damu. Kila mtu angekuja mara tatu: mara ya kwanza atembee na uzito wake tu, mara ya pili avae kizibao, mara ya tatu afungwe mikanda inayoning'inia kutoka darini imwinue kidogo, awe mwepesi. Kila mara damu ichukuliwe kabla na baada. Na kabla ya damu ya kwanza, kila mtu atulie kitini nusu saa.

"Gari letu litawafuata nyumbani," daktari akaongeza. "Msijichoshe."

Mchukua damu alikuwa bwana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye vidole vyepesi, ambaye wagonjwa walimwita Mbu na mwenyewe aliitika. Mara zote tatu alitoboa na kuvuta hata kabla hujamaliza kukunja uso. Picha za magoti zilipigwa kwenye ile mashine ya sumaku inayogonga kama mafundi wa bati. Kiguu alifurahia kila kitu. Alipofungwa ile mikanda ya darini alitembea huku akiimba, na akauliza kama inauzwa.

Jumanne wakaitwa kusikiliza majibu.

Daktari hakuwa na uso wa furaha. Aliwaonya kwanza kwamba damu ya mtu mmoja haiwezi kumhukumu mtu, na picha za magoti bado zilikuwa hazijasomwa. Kisha akasema ukweli wake: damu ya Kiguu akiwa ametulia, kabla hajatembea hata hatua moja, ilikuwa na protini ya gegedu nyingi kuliko ya wanawake wote waliopimwa. Mara zote tatu.

"Maana yake?" Kiguu akauliza.

"Inaweza kuwa gegedu linamomonyoka hata ukiwa umepumzika. Sisemi ndivyo. Nasema inaweza."

Kigoda alipiga kofi moja la paja. "Nilisema mimi! Nilisema au sikusema? Sabuni!"

Mbu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuna kichwa. "Ila kuna jambo silielewi, daktari. Siku ya mikanda, damu yake baada ya kutembea ilikuwa na protini kidogo kuliko kabla. Ni kama mama huyu akitembea ndiyo anapumzika." Daktari akasema hata yeye limemkaa kichwani, lakini huenda ni hitilafu ya vipimo, wataangalia. Kiguu hakusikia tena. Alikuwa ameshalisikia alilolisikia.

Njiani Kigoda alikuwa na raha zake. Alifika nyumbani akawaita majirani wawili, akawaeleza habari ya sabuni tangu mwanzo, akatia chumvi palipohitaji na pasipohitaji. Usiku huo alishona suruali nzima huku akiguna wimbo.

Kesho yake Kiguu hakwenda kazini. Aliomba ruhusa. Alivuta kiti, akakiweka karibu na cherehani, akakaa.

"Unafanya nini?" Kigoda akauliza.

"Najizoeza."

Akakaa hivyo, mikono mapajani, akiutazama ukuta. Hakubisha. Kigoda alimchokoza kuhusu mkuu wa kituo, hakujibu. Akamchokoza kuhusu chumvi ya jana kwenye mboga, akasema ni kweli ilizidi. Kiguu kukubali kwamba chumvi ilizidi! Kigoda alihisi baridi. Miaka yote hiyo alikuwa akitamani dada yake akae, atulie kama watu, na sasa amekaa, na nyumba imekuwa kama ina maiti. Cherehani ikienda, ikisimama, kimya. Alishona mkono wa blauzi ya mteja ukatoka ndani nje. Akaufumua. Akaushona tena, ukatoka vile vile.

Na Kigoda alikuwa na siri. Tangu jana, Mbu aliposema lile jambo asilolielewa, yeye alikuwa amelielewa palepale. Alikaa kimya kwa sababu alikuwa anashinda, na kushinda ni kutamu, tusidanganyane.

Alisimamisha cherehani. Akachukua simu.

"Daktari? Ni mimi, yule wa kukaa. Sikiliza. Huyu pacha wangu hajapanda gari lenu hata siku moja."

Kiguu aligeuka.

"Ndiyo. Alikuwa anamwambia dereva ameruhusiwa, anakatiza kwa miguu kule mlimani na mfuko wake begani. Foleni ikiwa kubwa anafika kabla yetu, anatungoja getini tunaingia wote, mnafikiri tumekuja pamoja. Na lifti hapandi. Anapanda ngazi mpaka juu. Na ile nusu saa ya kukaa, Mbu akishatoka tu, huyu naye yuko nje. Alisikia maji yanavuja ukutani kwenu. Mara zote tatu alizunguka ghorofa kwa ghorofa akilitafuta bomba."

Kwenye simu ukatoka ukelele ambao hata Kiguu aliusikia kutoka kwenye kiti chake, na nyuma yake sauti ya Mbu: "Nilijua! Nilijua ile damu ina kisa!"

Daktari akataka kuzungumza na Kiguu mwenyewe. "Mama, kwa nini hukukaa? Si nilikwambia ukae?"

"Ulisema tusijichoshe," Kiguu akasema. "Nami sikuwa nimechoka. Nikadhani kiti ni heshima tu kwa wageni."

"Heshima! Mama, umetembea, umebeba vyuma, umepanda ngazi, umewinda bomba, halafu tunachukua damu yako tunaiita damu ya mtu aliyepumzika! Umetaka kuniulia utafiti!" Lakini alikuwa anacheka, pumzi zinampaa. "Kesho asubuhi. Gari linakuja. Unapanda. Unanisikia? Unapanda!"

Kiguu alirudisha simu. Mapacha wakatazamana.

"Ulikuwa unajua tangu jana," Kiguu akasema.

"Nilikuwa najua."

"Na ukaita majirani."

"Nikaita majirani." Kigoda akainamia blauzi yake. "Haya nitukane basi, tumalize. Usikae tu hapo unanitazama."

Kiguu alimtukana. Alimtukana vizuri, kwa mpangilio, akaanzia utotoni, na Kigoda akasikia damu inamrudi mwilini. Wakala chakula cha jioni wakipigiana kelele, wote wawili na hamu kubwa.

Alhamisi Kiguu alipanda gari. Alipanda na lifti, amefumba macho. Kisha ikaja nusu saa, na nusu saa ile, wenzangu, ilikuwa kazi ngumu kuliko mtaa wowote aliowahi kuutembea. Mbu hakutoka chumbani safari hii, alikaa mlangoni mikono kifuani kama mlinzi wa benki. Kigoda alitoa kijaluba chake cha pini na kuibana sketi ya dada yake kwenye kitambaa cha kiti, kulia na kushoto.

"Unanifunga kama mbuzi?"

"Nakufunga kama gauni. Jikaze kisabuni, dada, siku yenyewe ni hii."

Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yanavuja. Tii, tii, tii. Kiguu aliyasikia, jasho jembamba likamtoka. Vidole vya miguu vilichezacheza ndani ya viatu, Kigoda akavikanyaga. "Lipo juu ya choo cha wanaume," Kiguu akanong'ona, "nina hakika, kwenye kiungo." Mbu akaapa kwamba fundi ataitwa leo hii hii, ila yeye asinyanyue hata kisigino.

Damu ikachukuliwa. Pini zikatolewa. Kiguu akapanda kwenye mashine, bila kizibao, bila mikanda, akatembea kama aliyefunguliwa jela. Damu ikachukuliwa tena. Akabanwa tena kitini, akatulia tena, na damu ya tatu ikachukuliwa, ili waone kama protini inashuka.

Ijumaa ya kumjibu mkuu ikafika, na asubuhi Mbu aliwaruhusu kusimama nyuma ya kioo cha maabara. Ndani alikuwa na kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo vidogo, safu kwa safu, na katika kila kishimo tone la damu iliyochujwa. Aliwaeleza kwa ishara na kwa kupaza sauti: anatia dawa, na pale penye protini nyingi dawa itageuka njano iliyokolea, pale penye kidogo itapauka. Safu ya juu ni ya Kiguu. Ya chini ni ya Kigoda, kutoka damu zake zilizohifadhiwa.

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea adhuhuri. Simu ya Kiguu iliita mfukoni, ni mkuu wa kituo, hakuipokea.

Mbu akatia dawa. Mwanzoni vishimo vyote vilikuwa kama maji. Kisha njano ikaanza kuingia polepole. Kiguu alikuwa amemshika Kigoda mkono bila kujua, na alikuwa anaubinya.

"Kile cha kwanza ni cha kukaa?"

"Ndiyo."

"Mbona hakigeuki?"

"Ndiyo hivyo, hakigeuki!" Mbu alikuwa anarukaruka ndani ya koti lake jeupe. "Hakuna kitu humo! Kimetulia! Ona cha pili, cha kutembea, kimepata njano, sawasawa kabisa. Ona cha tatu!"

Cha tatu kilikuwa kimepauka tena, karibu kama cha kwanza.

Daktari alitoka na picha za magoti mkononi, zimesomwa asubuhi hiyo, na alizungumza haraka hadi miwani ikamteleza. Gegedu la Kiguu lilikuwa nene, zuri, isipokuwa sehemu moja ndogo ya goti la kulia iliyokwaruzika, na hiyo ndiyo inayolia asubuhi. Kwenye damu, kutembea peke yake kulipandisha protini kidogo na ikashuka. Kilichoipandisha sana ni kizibao cha siku ile. "Sikupi ahadi ya miaka," akasema, "na goti hilo nitalitazama mara kwa mara. Lakini kwa ninachokiona leo, sina sababu ya kukuzuia kutembea. Ule mfuko wa vyuma, huo ndio ninaoukataza. Acha spana kwa mafundi. Wewe beba macho na kalamu."

Kiguu alipiga kelele. Daktari naye akapiga, Mbu akagonga kioo, muuguzi aliyekuwa anapita na trei akauliza nani kajifungua. Simu ikaita tena, na safari hii Kiguu akaipokea akiwa bado anahema.

"Mkuu? Kiti chako sikitaki! Mpe mwingine, mpe mwenye matako! Ndiyo, nimefikiri! Ndiyo, nina akili zangu! Jumatatu niko mtaani!"

Alipokata simu ndipo alipomwona Kigoda. Alikuwa bado amesimama mbele ya kioo, anaitazama safu ya chini. Kishimo chake cha kukaa hakikuwa kibaya. Lakini kile cha kutembea, kutembea kwa kawaida tu, bila kizibao, kilikuwa cha njano iliyoiva kabisa.

"Na mimi, daktari?" akauliza, sauti ndogo.

Daktari alishusha picha ya pili. Gegedu lake lilikuwa jembamba kuliko la dada yake, magoti yote mawili. Hakusema ni kwa sababu ya kukaa. Alisema watu wawili hawatoshi kuthibitisha, hata wakiwa mapacha. Ila misuli ya mapaja imelala, na goti lisilobanwa wala kuachiwa halipati chakula chake. "Anza kidogo kidogo, mama. Leo mpaka kona, kesho mpaka kona na nusu."

Kiguu alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyaandaa maisha yake yote, na sabuni ilikuwamo. Aliufungua mdomo, akamtazama pacha wake, akaufunga.

Nje ya geti gari lilikuwa linawangoja. Kigoda alimpa dereva kikapu chake cha kushonea na kumwambia atangulie nacho. Dereva aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa, akaondoka.

Wakaanza. Miguu ya Kiguu ilitaka kuruka, na kabla hajajizuia alikuwa ameshamwacha mwenzake nyuma. Aligeuka. Kigoda alikuwa ameegemea ukuta wa hospitali, mkono kiunoni, anatafuta pumzi. Akamrudia.

"Nenda zako," Kigoda akasema. "Usinisubiri."

"Nani anakusubiri? Natembea."

Wakaenda hatua chache. Kigoda akasimama tena.

"Ningenyamaza tu, dada, ningekuwa nimeshinda."

"Ungeshinda."

"Halafu ningekutazama umekaa pale karibu na cherehani yangu mpaka nife."

Kiguu alimpa mkono, Kigoda akauegemea kwa uzito wake wote, na wakaelekea kwenye kona, hatua fupi fupi, fupi kuliko ambazo Kiguu aliwahi kuzipiga tangu ajue kusimama.